Rauta Yako Ina Daftari, Mbona Hujawahi Kulifungua?

Leo nitawakasirisha mafundi wa WiFi wa hapa Nkubu, na wale wataalamu wa TikTok pia, lakini lazima mtu aseme: kuzima rauta, kuhesabu mpaka kumi na kuiwasha tena si matengenezo. Ni kamari. Unachanganya karata upya na kuomba zianguke vizuri kuliko jana. Kwa nyumba yenye simu tatu na TV moja, sawa, utabahatika. Kwa nyumba au biashara yenye printa, kamera na kompyuta mbili tatu, hiyo kamari ndiyo mara nyingi huleta shida yenyewe unayojaribu kuitoa.

Kwa hii mada kuna timu mbili na zote zinanichosha. Timu ya kwanza inasema acha kila kitu otomatiki, rauta inajua kazi yake, usiguse. Timu ya pili inasema ingia kwa kila kifaa uandike namba kwa mkono, kila kitu kikae static, ati ndivyo watu wa IT hufanya. Zote zimekosea kwa sababu moja: zinadhani lazima uchague upande. Hulazimiki. Hata rauta ya elfu mbili na kitu imetoka kiwandani ikijua kuchanganya. Sisi ndio hatujui, na kuna watu wanakula kwa sababu hatujui.

Wacha nieleze kwa lugha ya soko, hiyo kila mtu wa hapa anaielewa.

Kila kifaa kikiingia kwa WiFi yako kinahitaji namba, ile anwani ya IP, kitu kama 192.168.1.23. Bila hiyo namba hakuna data itakayokifikia, vile mtu wa boda hawezi kukuletea chipo kama hajui uko plot gani. Sasa fikiria soko la Nkubu siku limejaa. Karani yuko langoni na daftari. Mama wa nyanya anafika, karani anaangalia daftari, anamwambia keti nafasi ya 23 mpaka jioni. Kesho akija anaweza kupewa 23 tena au 41. Yeye hajali, bora auze nyanya zake aende nyumbani.

Huyo karani ndani ya rauta yako anaitwa DHCP. Mazungumzo yao ni mafupi. Kifaa kinaita: kuna karani hapa? Karani anajibu: niko, unaweza kuchukua 23. Kifaa kinasema: sawa, naitaka hiyo 23. Karani anaandika na kumwambia: imeandikwa, ni yako kwa saa 24, au muda wowote ule rauta imewekewa. Nusu ya huo muda ikifika kifaa kinarudi kimyakimya kuomba kuongezewa. Hakuna jambo geni hapo. Hati inayoeleza huu utaratibu, RFC 2131, ni ya Machi 1997. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na mimi pia.

Na hizo namba za 192.168 si za kampuni yako ya intaneti. Ziliwekwa kando pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, kwa hati nyingine ya Februari 1996, ziwe za matumizi ya ndani. Ndiyo maana TV yako hapa Nkubu na friji ya mtu Kisumu zinaweza zote kuwa 192.168.1.23 na zisigongane. Kila soko lina nafasi yake ya 23.

Sasa, si kila mtu sokoni anaweza kuhamahama. Kuna mama wa chai. Wateja wake wanakuja mbio, wanajua yuko kona ile, hawaangalii. Ukimhamisha leo bila kuwaambia watu, atashinda na thermos imejaa. Printa ndiyo mama wa chai. Kamera ni mama wa chai. Wateja wa printa ni kompyuta, na kompyuta haiulizi majirani "yule wa chai ameenda wapi?" Inaenda pale pale ilipoambiwa siku ya kwanza, ikikuta si yeye inakuandikia "Offline" na inanyamaza.

Kuna njia mbili za mama wa chai kupata nafasi ya kudumu, na vita yangu yote iko hapa.

Njia ya kwanza: anaingia kwa mlango wa nyuma, anaketi 23 bila kumwambia karani. Hii ndiyo static ya kuandika ndani ya kifaa chenyewe. Kwa macho, kila kitu kiko sawa. Lakini daftari la karani linasema 23 iko wazi. Karani mzuri huwa anaita kwanza, "kuna mtu 23?", kabla ya kuipeana. Shida ni kwamba printa ikiwa imezimwa usiku haijibu. Karani anasema basi, anampa 23 simu ya mgeni wako. Asubuhi printa inaamka, inaketi 23 yake. Watu wawili kiti kimoja. Simu inakatikakatika, printa inakatikakatika, na wewe unalaumu kampuni ya intaneti.

Njia ya pili: anaenda kwa karani mchana kweupe, anasema mimi nataka 23 kila siku. Karani anaandika kwa wino: 23 ni ya huyu, hata asipokuja. Kuanzia hapo mama wa chai anapita langoni kama wengine wote, anapewa namba kama wengine wote, ila yake ni ileile maisha yote. Kwa rauta za TP-Link hiyo sehemu huandikwa "Address Reservation". Kwa OpenWrt utaona "Static Leases". Nyingine wana jina lao, lakini iko kwenye ukurasa wa DHCP, au jirani yake. Hapo ndipo otomatiki na static zinakutana, na hakuna anayegombana.

Sasa mniambie, kama dawa iko ndani ya sanduku tayari, mbona tunaishi hivi?

Chukua saiba moja hapa mjini, sitaitaja. Ilikuwa Juni 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA. Tunajijua, kila Mkenya alikuwa amengoja hiyo siku. Foleni imetoka nje mpaka kwa veranda. Mimi nilikuwa nimeenda kuprinti vitu vyangu. Stima ikapotea kama dakika kumi, ikarudi. Kompyuta zikawaka, intaneti ikawa iko, watu wakaendelea kujaza. Printa ikakataa. Yule kijana wa saiba akazima rauta, akawasha. Akazima printa, akawasha. Akaiondoa printa kwa kompyuta moja na kuiweka upya, ikakubali kwa hiyo moja pekee, zingine tano bado. Saa moja na nusu hivyo. Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani yake.

Nilimwambia aifanye printa itoe ile karatasi yake ya hali ya mtandao, printa nyingi za ofisi zina hiyo. Ikasoma 192.168.0.109. Kwa kompyuta zilizokwama ilikuwa imeandikwa 192.168.0.104. Tukaangalia kwa rauta 104 ni nani: simu ya mtu aliyekuwa kwa foleni. Yaani kompyuta tano zilikuwa zinabisha mlango wa simu ya mteja zikiiomba itoe makaratasi.

Na hakuna kilichoharibika hapo! Hiyo ndiyo inaniuma. Karani alifanya kazi yake. Stima ilipopotea daftari lake lilifutika, maana rauta nyingi za bei yetu huliweka kwenye memori inayopotea umeme ukikatika. Ziliporudi, simu ndizo zilifika langoni kwanza, kwa sababu simu ina betri, haikulala. Printa huchukua muda wake kuamka, inajikohoa, inazungusha karatasi, ikifika inakuta nafasi zimegawanywa. Kila mara unapozima na kuwasha rauta unarudia hiyo mbio. Ndiyo maana nasema ni kamari.

Ya pili inaniuma zaidi kwa sababu ni ya nyumbani. Anti yangu ana agroveti upande wa barabara ya Mitunguu. Aliweka kamera tatu za WiFi na lile sanduku la kurekodi, kazi ikafanywa na fundi mmoja wa huku. Zikafanya poa miezi kadhaa. Usiku mmoja watu wakavunja mlango wa nyuma, wakabeba pampu za kunyunyizia dawa, na pesa kidogo zilizokuwa kwa droo. Asubuhi tukafungua sanduku tuone sura. Kamera mbili kati ya tatu zilikuwa giza tupu. Si usiku huo tu. Siku tisa.

Anti akampigia fundi, akaja.

"Fundi, hizi kamera nilinunua za nini?"

"Mum, stima ikipotea huwa zinachanganyikiwa. Unafaa kuwa unazima unawasha."

"Na nani aliniambia?"

Fundi hakuwa na jibu. Mnajua tayari ni nini kilitokea. Sanduku lilikuwa limeandikiwa litafute kamera kwa namba fulani, kamera zenyewe zikaachwa otomatiki. Stima ikapotea, ikarudi, kamera mbili zikapewa namba zingine. Sanduku likakaa siku tisa likiita namba za zamani na hakuna mtu wa kumwambia. Kamera zilikuwa zinaona kila kitu. Hazikuwa na pa kupeleka.

Nikamwomba fundi paswadi ya rauta niangalie mambo. Akaniambia, na sitii chumvi, "hiyo ni ya fundi, mukiingia mtaharibu."

Hebu tusimame hapo kidogo. Rauta imenunuliwa na anti. Stima analipa anti. Intaneti analipa anti kila mwezi. Lakini daftari la nani yuko ndani ya duka lake limefungiwa na mtu anayeitisha 500 kila akiitwa. Kama mtu angekuwekea kufuli kwa mlango, abaki na funguo, halafu akutoze kila ukitaka kuingia, ungemwita nani? Kwa WiFi tunamwita fundi.

Sisemi mafundi wote ni hivyo. Kuna wasee wanafanya kazi safi hapa Nkubu na nimejifunza mengi kwao. Nasema hii tabia ya kuficha paswadi imekuwa kawaida mpaka hatuioni. Na ndiyo inafanya kazi ifanywe nusunusu. Kuhifadhi namba za kamera tatu na sanduku lake ni nusu saa, sana sana. Ikifanywa vizuri mara moja, simu haipigwi tena. Ikiachwa hivyo, kila stima ikipotea kuna 500 njiani. Sijui kama mtu hupanga hivyo kwa makusudi. Najua tu nani analipa.

Basi, hizi hapa stori za jaba ambazo huwa naletewa nikisema haya. Na jaba yenyewe ni ya wenzetu wa Nyambene, sisi watu wa Imenti ni kahawa, ndizi na maziwa, kwa hivyo mtu asinidanganye nikiwa macho makavu.

Ya kwanza: "Static inafanya neti iwe fasta." Hapana. Namba haibadilishi spidi ya laini yako hata kidogo. Kama ulilipia Mbps 10 utapata za hiyo 10, ukiwa 192.168.1.2 ama 192.168.1.200. Mtu aliyekuuzia hiyo kama spidi alikuuzia hewa.

Ya pili: "Static ni salama, wezi wa WiFi hawataingia." Pia hapana. Mtu akishajua paswadi ya WiFi yako anaweza kujiandikia namba yoyote mwenyewe. Namba si kufuli. Kufuli ni paswadi ya WiFi na paswadi ya rauta yenyewe, na kama hiyo ya rauta bado ni ile ya stika ya kiwandani, badilisha leo kabla hujamaliza kusoma.

Ya tatu ndiyo mbaya kwa sababu inakula pesa: "Static IP inalipiwa kila mwezi." Kuna static inayolipiwa, ndiyo. Hiyo ni anwani ya nje, ya upande wa kampuni ya intaneti, na ni kitu tofauti kabisa. Anwani za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, na hazitoshi watu. Kwa hivyo kampuni nyingi zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na Aprili 2012 kulitengwa fungu maalum la hiyo kazi, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ingia kwa rauta yako uangalie namba ya upande wa "WAN". Ukiona iko kwenye hilo fungu, au inaanza na 10, ujue uko kwa matatu ya pamoja. Ukitaka kuingia kwa kamera zako moja kwa moja kutoka nje kwa namba, au kuhosti gemu, hapo ndipo ile ya kulipia inakuwa na maana. Lakini kwa printa ya ndani ya nyumba yako kuonekana na kompyuta ya ndani ya nyumba yako? Hulipi mtu shilingi. Namba za ndani ni zako bure.

Turudi kwa Timu ya mkono, wale wa kuandika static ndani ya kila kifaa, maana hao ndio hunijibu wakiwa na hasira. Wanasema: "Mimi nimeandika zote kwa mkono na miaka miwili hakuna shida." Poa. Siku ukibadilisha kampuni je? Na huku watu wanabadilisha, leo faiba hii, kesho ile, keshokutwa Starlink ikiwa na ofa. Rauta ya zamani ilikuwa soko la 192.168.1. Ile mpya inaletwa ni ya Huawei, na nyingi za hizo za faiba ni soko la 192.168.100. Kamera yako iliyoandikwa kwa mkono 192.168.1.10 imebaki soko ambalo halipo tena. Haionekani, haisikii, hata huwezi kuingia uirekebishe kirahisi. Utapanda ngazi na pini ya kubonyeza kile kitundu cha kuirudisha kiwandani, kamera baada ya kamera. Aliyehifadhi namba kwa rauta? Vifaa vyake vinamuuliza karani mpya, vinapewa namba zozote, vinaingia. Anafungua ukurasa mmoja, anaandika daftari upya akiwa ameketi na chai, anabadilisha namba za kamera kwa lile sanduku, imeisha.

Au chukua mwanafunzi. Amejiandikia namba kwa laptopu akiwa kwao Nkubu, Jumatatu anarudi hosteli Nchiru. Laptopu inafika kwa WiFi ya huko ikiwa na namba ya kwao. Inakwambia imeunganishwa na hakuna intaneti. Ni kama kuingia soko la Maua ukiwa na risiti ya soko la Nkubu. Kitu kinachosafiri kiachwe otomatiki, kabisa.

Simu ndizo za kwanza kuachwa. Na kuna sababu nyingine: tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu kwa kawaida huvaa namba ya kubuni kwa kila WiFi badala ya ile ya kiwandani, ili usifuatiliwe. Karani anamtambua mama wa chai kwa ile namba ya kiwandani, ile ndefu ya herufi na tarakimu 12 iliyo kwa stika. Simu inayovaa barakoa haifai kuwekewa kiti, na haihitaji. Nani anatafuta simu yako kwa namba?

Mahali pekee nakubaliana na watu wa mkono ni kifaa ambacho chenyewe ni sehemu ya soko. Mfano ile rauta ya pili. Wengi wetu tumenunua rauta ya ziada ifikishe WiFi chumba cha nyuma au kwa nyumba ya shosho ng'ambo ya boma. Waya unatoka ya kwanza, unachomekwa kwa zile tundu za LAN za ya pili, na tayari neti inafika. Lakini ya pili nayo ilitoka kiwandani ikiwa na karani wake! Sasa soko moja lina makarani wawili, kila mmoja na daftari lake, hawasalimiani. Huyu anapeana 105 asubuhi, yule anapeana 105 mchana. Wengine wanaelekezwa lango ambalo halitoki nje. Kama nyumbani kwenu WiFi hufanya kwa watu wengine na kwa wengine hapana, kabla hujaita mtu angalia hiyo kwanza. Zima DHCP kwa rauta ya pili, mwandikie kwa mkono namba yake, nje ya fungu la karani mkuu, basi.

Fungu ndilo nini? Ni mstari unaochora sokoni. Rauta nyingi za TP-Link huanza kugawa kutoka 100 na kuacha chini wazi. Zingine hugawa kutoka 2 mpaka 254, soko lote, hawajaacha hata kona. Mimi napenda hivi: rauta ni 1, kutoka 2 hadi 49 ni za kudumu, karani agawe 100 hadi 199. Zingine zipumzike. Kuna rauta zinataka namba unayohifadhi iwe ndani ya fungu, zingine hazijali, yako ikigoma utajua ni hiyo. Kwa anti niliweka sanduku 10, kamera 11, 12 na 13, ile printa yake ndogo ya risiti 20. Rauta yake haikuwa na tatizo na hizo. Tangu hapo stima imepotea mara sijui ngapi, mnajua hii stima yetu mvua ikipiga. Kila kitu hurudi kikaketi mahali pake, na karani anaendelea kuwagawia wateja wanaokuja kuomba WiFi wakingoja dawa ya ng'ombe.

Ukitaka kufanya yako, usikimbilie kile kitufe cha "Reset" ukikosa paswadi. Hicho kinafuta kila kitu, pamoja na jina na paswadi ambayo kampuni iliweka ili laini ifanye kazi. Piga simu kwa kampuni kwanza, waambie wakupe hizo, andika. Wakikwambia rauta ni yao na huwezi kuingia ndani, waambie basi wao ndio waingie wahifadhi hizo namba, na uwatajie kifaa kwa kifaa. Ni haki ya mteja kuuliza. Usikubali jibu la "iko otomatiki, haina shida" kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuprinti kwako Juni 30.

Na kwa wale wa plot zenye WiFi ya kununua kwa saa, hiyo rauta si yenu na hamna la kufanya kwa daftari lake. Kama una printa au kamera yako humo ndani, nunua kirauta chako kidogo, kichukue neti kutoka kwa ile ya plot, kiwe na soko lake dogo ndani ya chumba chako na wewe ndiye karani. Si kamili, lakini vitu vyako vitaonana.

Mafundi, najua mnasoma, mlinitumia meseji ile siku nilisema kuhusu bei za kuvuta waya. Ombi langu ni karatasi moja. Ukimaliza kazi, andika: paswadi ya rauta ni hii, karani anagawa kutoka hapa mpaka pale, kamera ni hizi, printa ni hii. Ibandike nyuma ya mlango wa kabati, si ukutani mbele ya wateja. Itisha hata 300 zaidi kwa hiyo karatasi, mimi nitawaambia watu walipe.

Video ya hatua kwa hatua kwa TP-Link naweka Jumamosi, stima ikikubali. Ile ya Huawei itafuata, bado natafuta mtu wa kuniazima rauta ambaye anajua paswadi yake.